Usiguse faili za nyimbo ili kupata nafasi ya matangazo: yaliyotukuta Tanga

Mleta uzi, simamisha hiyo kazi leo hii. Kama huyo mtaalamu wenu ameshaketi mbele ya kompyuta ya nyimbo, mwinue. Ukishamwinua ndiyo urudi hapa usome.

Kwa waliochelewa: kijana yuko kwenye redio ndogo hukuhuku mkoani Tanga. Matangazo yamekuwa mengi, saa haitoshi, na bosi wake hataki kurudisha hela ya mteja. Amejitokeza mtu akawashauri waongeze spidi ya nyimbo zote kwa asilimia 5, na zile ndefu wazikate zisivuke dakika mbili na nusu, ili kila saa ibebe matangazo zaidi. Kijana anauliza ni asilimia ngapi msikilizaji hawezi kuigundua, programu ipi inafaa, tangazo la sekunde 30 watoze shilingi ngapi, na kama watu wa hakimiliki watawafuata. Wachangiaji wa juu wameshaanza kumtajia programu, na mmoja anamhakikishia kwamba asilimia 5 haisikiki. Inasikika. Na hata isingesikika, hatari iko kwingine kabisa.

Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye redio moja ya hapa mjini. Sitaitaja, waliopo pale sasa hawahusiki. Kwetu ilianza hivihivi. Ulikuwa msimu wa matangazo: harusi, maduka ya vitenge, vyuo vinatafuta wanafunzi, kila mtu anataka asikike jioni kabla ya magharibi. Akaja bwana mmoja kutoka Dar, kavaa vizuri, laptopu mbili, Kiswahili cha semina. Akamwambia bosi kwamba redio zote kubwa duniani zinaharakisha muziki, ni sisi tu huku mwambao tumelala. Bosi akakubali, mimi nikamfungulia mlango wa studio.

Nianze na hilo la "duniani wanafanya", maana najua na kwenu limeshasemwa. Ni kweli wanafanya, na hawakuanza jana. Miaka ya 60 na 70 redio za Marekani zilizopiga nyimbo za chati zilikuwa zikizungusha santuri za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, kwa kasi iliyozidi 45 kidogo, ili wimbo uchangamke kuliko kwa jirani na saa ipate upenyo. Katikati ya miaka ya 70 kampuni ya Eventide ikatoa mashine iitwayo H910 Harmonizer, na mmoja wa wateja wake wa mwanzo ni Channel 5, kituo cha televisheni cha New York. Walikuwa wanaharakisha marudio ya mchezo wa vichekesho ili waingize matangazo, waigizaji wakawa wanasikika kama watoto, mashine ikawa inazishusha sauti zirudi mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 90 kampuni ya Prime Image ikauza mashine ambayo jina lake ni Cash. Hawakuona haja ya kuficha inafanya kazi gani. Hiyo inachomoa mapengo madogomadogo katikati ya maongezi yakiwa yanaenda hewani, mpaka dakika nzima za ziada zinapatikana ndani ya saa. Kipindi cha Rush Limbaugh, mtangazaji maarufu wa maongezi wa Marekani, kilipitishwa humo na mwenyewe akalalamika hadharani. Mwaka 2014 AMP Radio ya Calgary, Kanada, ikaanza kupiga nyimbo zilizokatwa mpaka zikabaki kama dakika mbili, ikajitangaza kwamba inapiga nyimbo 24 kwa saa. Wanamuziki wakaja juu, mwimbaji wa hukohuko Kanada, Jann Arden, akiwa mstari wa mbele, na haikuchukua muda wakaacha.

Sasa sikiliza jambo ambalo yule bwana hakulisema, na wenu naye hatalisema. Santuri ya 45 ukiizungusha kwa kasi ya 46, siku ukiitoa kwenye sahani bado ni santuri ya 45. H910 ilikaa njiani, Cash ilikaa njiani, kati ya chanzo na mnara. Hakuna aliyeingia kabatini akakwaruza santuri. Ukitaka maji ya ndimu unakamulia kwenye glasi, hukamulii kisimani. Yule bwana alikuja kukamulia kisimani.

Alichofanya ni hiki. Alichukua programu ya kuhariri sauti, akaipangia ipite faili zote zilizomo kwenye maktaba usiku kucha, iongeze spidi asilimia 3, na isevu juu ya faili ileile, jina lilelile, mahali palepale. Alisema akitumia majina mapya programu ya kurushia vipindi itapoteza njia na sisi tutapata kazi ya kupanga upya. Aliliongea hilo kama anatusaidia. Kusevu juu ya faili ileile! Hata kijana wa stationari anayechapa barua za watu pale Barabara ya Kumi na Mbili anakuuliza kwanza kama unataka ya zamani ibaki.

Halafu kuna hili. Tulikuwa na kompyuta mbili, ya hewani na ya kurekodia, na nyimbo zilikuwa kwenye zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa bekapu yetu, na wajuaji wa humu msianze, redio nyingi za wilayani zinaishi hivyo mpaka leo. Folda ya taarabu peke yake ilikaa kwenye kompyuta ya kurekodia, ile ya hewani ikawa inaisoma kupitia waya wa mtandao wa ndani. Usiku wa kwanza akaendesha kazi yake kutoka kompyuta ya hewani. Ikapita nyimbo zote, na folda ya taarabu nayo, kwa sababu kompyuta iliiona kama ni yake. Katikati ya kazi umeme ukakatika, akaanzisha upya alipodhani iliishia. Usiku wa pili akahamia kompyuta ya kurekodia, "ili zifanane". Akapitisha kila kitu, na taarabu tena.

Kwa hiyo nyimbo nyingine zikapanda asilimia 3. Taarabu, zile ambazo hazipatikani YouTube wala popote, nyingi zikapanda mara mbili, yaani asilimia 6 na ushee. Baadhi zikapita mara moja tu kwa sababu ya ule umeme. Zipi ni zipi, hakuna aliyejua. Na faili ya asili haikubaki hata moja.

Naomba mwelewe zilikuwa taarabu gani. Tanga siyo mji wa kuazima taarabu. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitokea hapa, ndivyo vilivyoipa taarabu gitaa na besi ikachezeka, na kazi zake kubwa zimehifadhiwa na wengi. Lakini chini yake kulikuwa na vikundi vya mitaani, vya Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka Pangani, vilivyopiga kwenye harusi na kurekodiwa kwenye kaseti na mwenye shughuli. Havikuwahi kutoa santuri. Tulikuwa tumezunguka nyumba kwa nyumba kuomba hizo kaseti, kina mama wanatoa sandukuni, tunarekodi kwenye kompyuta, tunawarudishia. Folda ile ilikuwa ndiyo redio yetu. Bongo Fleva kila mtu anayo.

Watu walianza kupiga simu siku ileile. Wa kwanza ni mzee mmoja mpiga kodiani, mwenye mazoea ya kukaa barazani jioni na kupiga pamoja na redio. Akaniuliza tumefanya nini mitambo. "Nikibonyeza hapa mimi niko chini, nikibonyeza pa pili yake niko juu. Wimbo umekaa katikati." Alikuwa sahihi bila kuona kompyuta yoyote. Asilimia 3 ni karibu nusu ya hatua moja ya kinanda, ile ya kutoka kitufe cheupe kwenda cheusi kilicho jirani yake. Kwa hiyo wimbo unaangukia penye ufa, hakuna kitufe kinachokutana nao. Fidla unaweza kukaza nyuzi ukaifuata. Kodiani haikazwi. Asilimia 5 mnayotaka ninyi inakaribia hatua nzima: huyo anayewaambia haisikiki amuulize mtu yeyote anayepiga kinanda kanisani.

Wa pili alikuwa mwenye duka la magodoro. Folda ya matangazo nayo ilikuwa ndani ya maktaba. Tangazo alilolipia sekunde 30 likawa sekunde 29. Alikaa na saa ya simu akapima, akaja na risiti. Wakati huo bosi ndiyo akaanza kushtuka, kwa sababu hela iliguswa.

Folda ya adhana pia ilikuwa humo. Sitaki kulisema sana hili. Magharibi ikaingia, adhana ikatoka imepandishwa spidi, na mjini hapa hakuna asiyejua adhana inavyosomwa. Simu zilizoingia usiku ule zilikuwa nzito, na waliopiga walikuwa na haki yote.

Halafu akaja bibi.

Alikuja asubuhi na mjukuu wake, kanga mbili, mfuko wa rambo mkononi. Nikamwamkia, shikamoo bibi. "Marahaba. Nani anayeweka nyimbo hapa?" Nikasema ni mimi. "Jana jioni mmeniweka?" Nikasema ndiyo, bibi, tumekuweka. Akasema: "Si mimi yule. Maneno yangu, wimbo wangu, yule mtoto anayeimba mimi simjui."

Nikamwekea wimbo pale studio. Akaanza kuimba juu yake, taratibu, huku anagonga goti kwa kidole. Beti ya kwanza ikamshinda. Pale alipokuwa akivuta pumzi enzi zake, wimbo ulikuwa umeshaondoka. Akarudia, ukamwacha tena. Mjukuu wake akaangalia chini. Mimi nikauzima.

Kaseti alikuwa nayo humo kwenye mfuko, ileile tuliyomrudishia. Tukaiweka kwenye deki tuirekodi upya. Utepe ulikuwa umeshika ukungu, ukagandia kwenye kichwa cha kusomea, ukajikunja, ukakatika. Tuliuunga, lakini pale ulipokunjamana sauti imepotea, na hapo ndipo zilipo beti za mwisho. Kwa asiyejua taarabu za mafumbo, beti za mwisho ndizo zinazofumbua. Anakuzungusha wimbo mzima na mti na ndege na jahazi, hujui anasemwa nani, mwishoni anakupa ufunguo. Wimbo ule sasa hauna ufunguo, isipokuwa kwenye faili iliyoharibiwa.

Na mtasema basi si urudishe spidi nyuma? Tumejaribu, ndiyo maana nawaandikia kwa urefu hivi. Kwanza lazima ujue wimbo ulipitishwa mara moja au mara mbili. Urefu hausaidii kama huna wa kulinganisha nao. Kilichotuokoa kidogo ni ubovu wa deki yetu: ilikuwa na mvumo wa umeme, ule "mmmm" wa chini, ulioingia kwenye kila kaseti tuliyorekodi. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Unayumba kidogo, lakini hauyumbi asilimia 3. Kwa hiyo nilifungua wimbo mmoja mmoja, nikatafuta pa kimya kabla ya ala kuanza, nikaangalia grafu ya masafa. Mvumo ukiwa kwenye 51 na nusu, umepita mara moja. Ukiwa kwenye 53, mara mbili. Kazi ya kuchosha macho, na inakuwezesha tu kupanga, haiponyi. Faili zilikuwa za MP3 zilizobanwa. Kila ukifungua na kusevu tena programu inatupa sehemu nyingine ya sauti ili faili iwe ndogo. Zikapita mara moja, mara mbili, kisha ya kurudisha ni mara ya tatu. Sauti ya bibi imerudi chini mahali pake, lakini kodiani ina mchanga, na makofi ya wanawake yanasikika kama mvua juu ya bati.

Angalau sisi alipandisha spidi na sauti pamoja, kitu chenye hesabu ya kurudi. Wenu najua atawaambia kuna njia ya kisasa, ya kuharakisha bila kupandisha sauti. Ipo. Hiyo inakata wimbo vipande vya sehemu ndogo sana ya sekunde, inatupa baadhi, inaunganisha vilivyobaki kwa kupishanisha kingo. Kwenye maongezi haina neno. Kwenye gitaa, ambapo kila noti inaanza na mchomo wa ukucha, mchomo mwingine unamezwa na mwingine unasikika mara mbili. Ngoma inakosa pigo. Na ukisevu juu ya faili, hakuna hesabu ya kurudi: vipande vilivyotupwa vimetupwa, na hata ule mvumo wa umeme unabaki kwenye 50 kwa hiyo huna pa kugundulia. Mtaharibu, na mtakuwa hamjui mmeharibu nini.

Yule bwana nilimpigia sana simu. Alikuwa ameshalipwa, na alishaondoka na basi la alfajiri. Alipokuja kupokea akaniambia mkataba haukutaja kutunza nakala. Hivyo ndivyo alivyojibu. Mtu mzima, fundi wa sauti, anaingia kwenye nyumba ya watu, anakuta sauti za mama zao, anazipitishia mashine usiku kucha bila kusikiliza hata wimbo mmoja kwa sikio lake, asubuhi anasema mkataba haukutaja. Hakuuliza kaseti zilitoka wapi, wala folda ya adhana ni ya nini. Aliona namba ya faili na jumla ya dakika, basi. Natumaini anausoma uzi huu, kwa sababu nasikia bado anazunguka mikoani na laptopu zake mbili, na haya mapendekezo ya asilimia 5 yamenikaa vibaya, yanafanana mno na ya kwake. Muulizeni wenu kama alishafanya kazi hapa Tanga mjini.

Sasa hesabu, kwa sababu bosi wako haya mengine yatampita, hesabu haitampita. Wimbo wa dakika 4 ni sekunde 240. Ukiuharakisha kwa asilimia 3 unakuwa sekunde 233, umeokoa 7. Saa yenye nyimbo 12 za hivyo imekupa sekunde 84: matangazo mawili ya sekunde 30 na chenji isiyotosha la tatu. Kwa hilo tuliharibu maktaba nzima. Kwa asilimia 5 yenu mtapata kama sekunde 137, matangazo manne.

Toa wimbo mmoja mzima ndani ya saa. Mmoja tu. Umepata sekunde 240, matangazo manane, na zile nyimbo 11 zilizobaki zimepigwa kama alivyoziimba mwenyewe. Hii ndiyo kanuni yangu na sitaibadilisha: nafasi ikikosekana, punguza idadi ya nyimbo, usimpunguze mwimbaji. Msikilizaji hahesabu nyimbo zako. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kusema saa hii mmepiga 11. Wamepiga simu kusema huyu si yeye.

Na kabla hujatoa hata huo mmoja, angalia saa yenu inaliwa na nani. Keti na kalamu usikilize saa moja ya kipindi chenu. Jingo la sekunde 20 linalorudiwa kila baada ya wimbo, lipo? Lifupishe, hilo ni lenu, likateni mnavyotaka. Mtangazaji anayesoma salamu za watu wote wa Muheza, Pongwe mpaka Maramba, halafu anacheka na mgeni wake kuhusu mechi ya Coastal Union, anakula dakika ngapi? Sisi tulipokuja kupima tulikuta muda mwingi unapotea mdomoni, si kwenye muziki. Hakuna aliyependekeza kumharakisha mtangazaji kwa asilimia 5.

Kisha maungio. Nyimbo nyingi zina kimya mwanzoni na mkia unaofifia mwishoni. Programu nzuri ya kurushia, kwa mfano RadioDJ, inakuruhusu kuweka alama: wimbo uanzie hapa, na ukifika hapa wimbo unaofuata uingie juu yake. Alama hizo zinakaa kwenye hifadhidata ya programu, faili haiguswi, na siku ukijuta unazifuta. Ukiokoa sekunde 5 kwenye kila ungio, maungio 12 yamekupa dakika nzima. Linganisha na zile sekunde 84 tulizozilipia kwa sauti ya bibi. Ila taarabu na dansi muweke alama kwa sikio, msiiachie mashine. Mashine inasikia sauti imeshuka inadhani wimbo umekwisha, kumbe gitaa linapumua kabla ya kupokea.

Hilo linanileta kwenye kukata, maana nako mmeshauriwa vibaya. Dakika mbili na nusu kwa wimbo wa dansi ni kupiga utangulizi tupu. Bendi za zamani ziliimba taratibu kwanza, halafu ndipo gitaa linapochachamaa na watu wanainuka. Kwenye santuri ndogo kipande hicho mara nyingi kilisukumwa upande wa pili kwa kukosa nafasi, ndiyo maana utakuta santuri imeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mtu aliyeko saluni au kwenye daladala ya Raskazone amevumilia sehemu ya kwanza ili afike ya pili. Ukimkatia pale unampa tangazo la bima ilhali mguu wake umeshaanza kutikisika. Atahama masafa, na tangazo lako litasikilizwa na kiti. Taarabu ndiyo kabisa, nimeshasema habari ya beti za mwisho. Wimbo mrefu usipouweza saa ya matangazo, upeleke usiku au Ijumaa mchana ambako una nafasi, lakini uende mzima.

Kuhusu hakimiliki uliuliza: ndiyo, kuna hoja. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tumo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao kifungu chake cha 6 bis kinampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kukatwakatwa kwa namna ya kumvunjia heshima, hata kama haki za kuuza alishampa mtu mwingine. Kulipia kibali cha kupiga wimbo si kibali cha kuugeuza. Lakini usingoje sheria ikukataze. Bibi hakuja na wakili, alikuja na mjukuu.

Alirudi baadaye, kwa wanaotaka kujua. Nilimpigia ile faili tuliyoishusha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiye, ila anaimba akiwa ndani ya debe. Beti za mwisho alikuwa bado anazikumbuka, kwa hiyo tulimketisha mbele ya maikrofoni akazisema, hakuziimba, pumzi haipo tena. Tunazo. Zimehifadhiwa kwa WAV, bila kubanwa, kwenye diski tatu, na moja haikai studio.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nunua au azima diski ya nje, nakili maktaba yote kama ilivyo, ichomoe, uipeleke nyumbani kwako. Folda za adhana, dua, matangazo na kaseti za wazee zipe ruhusa ya kusomwa tu, zisiweze kuandikwa juu yake. Angalia kama kuna folda inayosomwa kupitia mtandao wa ndani kutoka kompyuta nyingine, uijue kwa jina. Kisha mwambie bosi wako zile sekunde 240. Ukimaliza rudi hapa useme maktaba yenu ina ukubwa gani na huyo mtaalamu alishagusa nini. Kama alishaanza, usifungue programu yoyote ya kurekebisha, usisevu kitu, niandikie kwanza ujumbe binafsi nikueleze namna ya kuutafuta huo mvumo wa 50.